Joto la Kuvuka Ufipa

Ukifika Makanyagio, hapa Mpanda, ukauliza dereva ni nani, utatajiwa wengi, maana siku hizi kila aliyewahi kushika usukani anajiita dereva. Lakini ukisema unataka mtu wa kukufikisha, watakwambia katafute Telesphor. Huyo alizaliwa Kasekese, kwenye nyumba ya wakulima, akaanza na trekta la kulimia watu mashamba, na toka hapo hajawahi kufanya kazi nyingine inayoeleweka. Ameshuka Kapalamsenga wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu. Amevushwa mitoni na watu waliokuwa wanamtukana huku wanamsukuma. Gari likizima porini hakai chini akalia. Atafunga kamba hapa, atachomeka kijiti pale, atalisemesha kwa Kibende, na litaondoka.

Ila umeme wa gari, hapo umemkosa. Mwonyeshe nyaya, atazitazama, atajikuna kichwa, atafunga boneti taratibu. Wala haoni haya. "Mimi ni wa usukani," anasema. "Za ndani ya dashibodi zina wenyewe." Na hao wenyewe, mafundi wetu, tunawajua. Mungu atusaidie tu.

Gari analoendesha si lake. Ni Noah ya Mama Imakulata, mwanamke anayenunua mpunga vijijini na kuuleta mjini kukoboa. Viti vya nyuma vilishatolewa na kurudishwa mara nyingi kiasi kwamba kimoja kinacheza ukikikalia. Miaka yote ambayo Telesphor ameliendesha hilo gari, amegusa kila kitu kinachogusika, isipokuwa kile kitufe cha kuzungusha chenye rangi ya buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Kwa nini akiguse? AC ilishakufa kabla gari halijafika mikononi mwake. Hita nayo, jamani, nani anawasha hita Mpanda? Mpanda hii ya joto, ambayo mtu analala mlango wazi na bado shuka linamkera! Ukitaka hewa unateremsha kioo, basi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, ndipo alipokihitaji.

Ana mtoto mmoja wa kike, Queen, anasoma darasa la tatu. Mtoto mwepesi, macho makubwa, ulimi usiotulia. Queen ana selimundu. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua waombe wasiijue: damu inakwama kwenye mishipa, mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa mpaka anakosa sauti ya kulilia. Na kitu kinachoiamsha upesi kuliko vyote ni baridi. Mpanda baridi si tatizo kubwa. Lakini mwaka jana nyonga ya kulia ilianza kumsumbua, akawa anachechemea, na daktari wa hapa akawaambia wazazi wake bila kuzunguka kwamba mfupa ule unakosa damu na unakufa taratibu. Aonwe Mbeya na bingwa wa mifupa ya watoto, mapema, la sivyo atatembelea gongo maisha yake yote.

Na Mbeya, kutoka Mpanda, huendi bila kuvuka Ufipa, huko juu kwenye baridi.

Walijaribu mwaka jana huo huo kwa basi. Kioo cha dirisha lao kilikuwa hakifungi. Baba mtu akalishika dirisha kwa mkono, mama akamfunika mtoto kwa kitenge na blanketi na mwili wake mwenyewe, na bado haikusaidia. Kufika Sumbawanga Queen alikuwa anajikunja kwenye kiti. Wakashukia hapo, wakalazwa, siku ya bingwa ikapita wakiwa wodini, wakarudi Mpanda na mguu ule ule. Mtu ambaye kazi yake ni kufikisha watu alishindwa kumfikisha wa kwake, tena akiwa amekaa pembeni yake.

Safari hii Mama Imakulata mwenyewe alimwita. "Chukua Noah," akamwambia. "Mtoto ni mtoto. Mpunga utasubiri." Bingwa alikuwa anakuja Mbeya kutoka mbali, atawaona watoto wa nyonga asubuhi moja tu kisha aondoke, na atarudi lini hakuna aliyejua. Telesphor akapanga mpango wake kichwani mara elfu. Ataondoka asubuhi siku iliyotangulia. Atafunga vioo vyote. Atawasha hita. Mtoto atavuka Ufipa kana kwamba yuko kitandani kwake. Alimwambia kila mtu habari ya hiyo hita. Alimwambia mchungaji wa mtaani, akamwambia muuza vocha. Ile hita ilimtia kiburi, na mimi simlaumu.

Asubuhi yenyewe ikafika. Mizigo ndani, chakula ndani, dumu la maji ndani, maana mtoto wa selimundu lazima anywe maji. Queen kavaa masweta mawili ya mtumba na kofia ya sufu, jasho linamtoka kabla hata hawajaondoka. Mama yake, Pelagia, akapanda, akafunga mlango, akasema, "Hebu washa hilo joto lako tulione."

Telesphor akatabasamu, akakizungusha kitufe mpaka mwisho wa nyekundu, akasogeza na cha feni mpaka namba ya juu.

Kimya.

Akakirudisha, akakisogeza tena. Kimya. Akakipiga ngumi ndogo ya mapenzi, ile wanayopiga madereva. Hakuna feni, hakuna upepo, hakuna hata mkwaruzo.

"Haiwaki," alisema Queen kutoka nyuma, kama vile hawajui.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo siku ilipogeukia. Pelagia ni Mfipa wa upande wa Laela. Baridi ya kule amezaliwa nayo. Alitazama nje, akaona jua ndiyo kwanza linapanda, akasema, "Baba Queen, tuondoke hivi hivi. Kwetu mchana kukiwa na jua hakuna baridi ya kutisha. Baridi inaingia jioni. Tukiondoka sasa hivi, Sumbawanga tunaipita jua likiwa kichwani."

"Na mbele ya hapo?"

"Mbele tutakuwa tunakaribia. Tutamfunika."

"Mwaka jana pia tulimfunika, mama Queen," alisema Telesphor.

Hakusema kwa ubaya. Lakini lilitoka, na likishatoka limetoka. Pelagia akaanza kumfungua mtoto sweta la juu. Telesphor akageuza gari kuelekea gereji. "Nusu saa tu," alisema. "Gervas ataimaliza."

Gervas ni fundi umeme wa magari. Ana kibanda chake cha mabati karibu na barabara, mbele ya kibanda kuna magari matatu yasiyokuwa na matairi, na hayo magari amekuwa "anayamalizia" tangu tumjue. Si fundi mbaya. Ubaya wake ni mmoja: akishashika wazo lake moja, huwezi kumbandua nalo hata kwa nyundo. Alisikiliza maelezo huku anapiga mswaki, akatema, akasema, "Hiyo fyuzi tu, dereva. Shuka unywe chai."

Na kweli fyuzi ilikuwa imeungua. Gervas akainyanyua juu waione, akachomeka nyingine. Telesphor akawasha. Ikalia tik, ikaungua. Gervas akachomeka ya tatu. Ikaungua nayo.

"Enhe," alisema Gervas, na macho yakamng'aa. "Kuna shoti."

Yaani kuna waya mahali fulani umechubuka na kugusa bati, moto wa betri unakimbilia pasipostahili, fyuzi inakufa. Hilo ndilo wazo aliloshika. Akalala chali chini ya usukani, akavuta lundo la nyaya, na alipoziona akaanza kulaani. Redio ya gari hiyo ilishafungwa na mafundi wengi kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alikuwa ameunga nyaya zake kwa staili yake, mwingine kwa tepu, mwingine kwa mfuko wa nailoni. "Nani amefanya huu uchafu?" aliuliza Gervas. Hakuna fundi asiyeuliza hivyo, wala hakuna anayejibiwa. "Shoti iko humu. Naiapia."

Akaanza kukata, kumenya na kuunga upya, waya mmoja baada ya mwingine. Kila akimaliza fungu moja anachomeka fyuzi, na kila akichomeka inaungua. Fyuzi za dukani kwake zikaisha, ikabidi Telesphor apande bodaboda kwenda kutafuta nyingine mjini. Aliporudi alikuta paneli zote za mbele zimetolewa na kupangwa chini kwenye turubai, dashibodi iko wazi, na Gervas amezama humo mpaka kiunoni. Nusu saa ilikuwa imekwisha zamani sana.

Queen alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini pembeni ya kibanda, mguu wa kulia ameunyoosha. Alimtazama fundi kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Anko, gari linaumwa wapi?"

"Bado halijasema," alijibu Gervas kutoka ndani.

"Mimi wakiniuliza huwa nasema."

Gervas akacheka. Telesphor hakucheka. Alikuwa amesimama pale, mikono haina kazi, na hiyo ndiyo taabu anayoiona kubwa kuliko zote. Mpe mtu huyu tope, mpe pancha, mpe daraja lililovunjika, atahangaika nalo na moyo utatulia. Hapa alikuwa hana la kufanya. Alishika tochi alipoambiwa ashike. Aliwasha swichi alipoambiwa awashe. Akawa anazunguka gari, anatazama juu, anarudi. Kila alipotazama juu jua lilikuwa limesogea, na hakuthubutu kumtazama mkewe.

Ikafika saa ya watu kula. Gervas akatoka, akakaa chini, akafuta mikono. "Tuna njia moja ya mkato," alisema. "Tunaweka waya wa shaba badala ya fyuzi. Huo hauungui. Feni itazunguka itake isitake."

Ni mchezo wa kila siku huo, tusidanganyane. Nusu ya magari yanayopita hapa mjini yana waya wa shaba mahali pa fyuzi, na yanatembea. Telesphor akainua kichwa, tumaini likamrudia usoni. Lakini Pelagia alishainuka kutoka kwenye mkeka.

"Ukiweka waya, shoti inakwenda wapi?" aliuliza.

Gervas akajikuna. "Inategemea, shemeji."

"Inaweza kuwaka?"

"Ikiwaka, itaanza kutoa moshi kwanza."

"Mtoto wangu simpandishi kwenye jiko," alisema Pelagia, akakaa tena.

Basi kazi ikaendelea. Na huko kuendelea, sijui niseme nini. Ukitaka nikwambie ukweli, ningekuwa pale ningemtia Gervas makofi. Maana kitu chenyewe, mota ya feni, imekaa upande wa abiria nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea makaratasi, na plagi yake unaichomoa kwa vidole viwili. Lakini skrubu moja ya kisanduku ilikuwa imelika kichwa, haifunguki, na Gervas alikuwa ameipita toka asubuhi kwa sababu ya uvivu wa kuipasua. Na kwa sababu shoti, kwa kiapo chake, ilikuwa kwenye redio. Redio ikachomolewa yote. Fyuzi ikaungua. Ndipo akachukua patasi, akaipasua ile skrubu, akaingiza mkono, akachomoa plagi ya mota, akachomeka fyuzi.

Haikuungua.

"Loo," alisema Gervas kwa sauti ndogo. "Kumbe ni mota."

Akaifungua, akaivuta nje, na pale kila mtu aliyekuwa karibu akasogea. Ndani ya lile gurudumu la feni kulikuwa na nyumba ya panya. Nyumba kamili, jamani! Nyuzi za kiroba, pumba za mpunga, vipande vya karatasi, vyote vimesokotwa na kushindiliwa mpaka gurudumu halisogei hata ukilivuta kwa koleo. Panya wa mpunga wa Mama Imakulata, walioshiba wakajenga. Feni ilipotaka kuzunguka ilishindwa, ikavuta moto mwingi, fyuzi ikafa. Hakukuwa na shoti popote. Nyaya zote zile alizokata zilikuwa nzima.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Telesphor alicheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Queen alichechemea mpaka pale, akachungulia, akauliza watoto wa panya wako wapi. Gervas, ili kufuta aibu, akafanya kazi sasa kama mtu mwingine. Akasafisha gurudumu, akakuta kaboni za mota, vile vipande vya kupitishia umeme, zimeisha, akazitoa kwenye mota nyingine mbovu, akazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka zikaenea. Akafunga. Telesphor akakaa kwenye kiti, akashika kitufe.

Feni ikavuma. Ikatapika vumbi na pumba usoni kwake, akakohoa, akapiga usukani kwa furaha. Watu wakapiga makofi, Queen akapiga zaidi yao. Pelagia alianza kukusanya vitu vyake kwenye mkeka.

"Washa injini," alisema Gervas. "Weka nyekundu. Acha ipate moto."

Wakasubiri. Mshale wa joto la injini ukapanda, ukafika katikati, ukasimama. Telesphor akaweka kiganja kwenye tundu la hewa. Akakiacha hapo. Akageuza kiganja, akaweka upande wa juu wa mkono, mahali mama anapopimia uji wa mtoto.

"Ni baridi," alisema.

"Subiri."

Wakasubiri. Gervas naye akaweka mkono wake. Uso ukambadilika. Akazunguka mbele, akafungua boneti, akainama na tochi kule ndani kabisa ambako injini inapakana na dashibodi. Akakaa ameinama hivyo kwa muda ambao haukuwa wa lazima.

"Dereva. Njoo."

Kulikuwa na vibomba viwili vimechomoza kutoka kwenye ukuta wa bati, midomo wazi, havijaungwa na kitu. Na mpira wa maji ya moto kutoka kwenye injini, ambao ulitakiwa kuingia hapo, ulikuwa umekunjwa na kurudishwa kwenye injini yenyewe, ukabanwa kwa klipu iliyoshika kutu.

"Hita imekatwa," alisema Gervas. "Maji ya moto hayaingii ndani. Feni inavuma hewa ya nje tu."

"Imekatwa na nani?"

"Na sisi."

"Sisi nani, Gervas?"

"Sisi mafundi wa hapa. Gari likiingia Mpanda, ile rejeta ndogo ya hita ikivuja kidogo tu, mtu anasema kata, huku hita ya nini. Tunakata. Mimi nimekata, fulani amekata, wote tunakata. Ukifungua boneti kumi hapa mjini, utakuta tisa ni hivi." Alifuta jasho. "Asubuhi ilitakiwa nianze hapa. Sikufikiria. Toka nianze ufundi hakuna mtu aliyewahi kuniletea hita, dereva. Wewe ndiye wa kwanza."

Telesphor hakumtukana. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitafuta tusi akalikosa.

Walijaribu. Usifikiri hawakujaribu. Gervas alitafuta mpira, akauunga ule mzunguko kama ulivyozaliwa, wakawasha, na kwa muda mfupi hewa kweli ilianza kuwa ya uvuguvugu. Pelagia alinyoosha mkono akaipokea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama mumewe. Kisha maji ya moto yakaanza kumwagika kwenye zulia upande wa abiria, kwanza matone, halafu mchirizi. Rejeta ndogo ilikuwa imeoza kwa kukaa kavu. Kuipata nyingine? Mpanda nzima hakuna anayeuza, nani amnunulie? Gervas akakunja mpira, akaurudisha ulivyokuwa, akabana klipu.

Na jua sasa lilikuwa limeinama. Kama wangelala Mpanda, asubuhi wangekuwa hawajafika hata nusu ya njia, na bingwa angekuwa anawaona watoto wa wenzao. Kama wangeondoka, wangekuwa wanapanda Ufipa jioni, saa ile ile ambayo Pelagia aliitaja. Telesphor alisimama kati ya gari na mkewe, akafungua mikono, akaifunga.

"Mimi sijui," alisema. "Mama Queen, nisaidie. Mimi sijui tena."

"Na mimi sijui," alisema Pelagia. Akamnyanyua mtoto. "Twende."

Mama muuza chai wa jirani aliwajazia maji ya moto kwenye chupa za soda na chupa za maji, wakazifunga kwenye kanga, wakamzungushia mtoto miguuni na kwenye nyonga. Hiyo ndiyo hita waliyoondoka nayo. Wakapita Sitalike, viboko wako mtoni kwao, Queen anawauliza majina. Wakapita hifadhini na mbung'o wanagonga vioo. Huko bado joto lilikuwepo, na Telesphor alianza kujidanganya kidogo, kama sisi wote tunavyojidanganya.

Barabara ilipoanza kupanda Kizi kuingia Ufipa, vioo vikaanza kufunga ukungu. Watu watatu ndani, madirisha yamefungwa, nje ubaridi unashuka. Madereva wa Mpanda wana dawa ya kioo: jani la tumbaku, unasugua, mvua inateleza. Lakini hiyo ni ya mvua ya nje. Huu ulikuwa ukungu wa ndani, wa pumzi zao wenyewe, na dawa yake ni moja tu, feni. Akiwasha feni, kioo kinafunguka na hewa ya Ufipa inampiga mtoto. Akizima, mtoto anapona na barabara haionekani. Akawasha, Pelagia akasema, "Zima." Akazima, akaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unafuta kioo kwa kitambaa, anafuta hapa, kunazibika pale. Feni waliyoipigania kutwa nzima ilikuwa nzima kabisa. Ilivuma vizuri sana.

Alisimama Chala kuomba maji ya moto mapya, maana chupa zote zilikuwa zimepoa. Mwenye mgahawa aliwasha jiko kwa ajili yao. Wakati maji hayajachemka, Telesphor alimsikia Queen ndani ya gari, sauti ya kawaida tu, bila kulia. "Mama, kimeanza." Akabaki ameshika chupa tupu mkononi.

Yaliyofuata mpaka Sumbawanga hayasimuliki na wala yeye hayasimulii. Walifika hospitali, wakapokelewa upesi, mtoto akawekewa maji na dawa ya maumivu. Muuguzi mmoja aliwatazama, akawatambua. "Nyie si mlikuja mwaka jana?" aliuliza kwa upole. Pelagia akajibu kwamba ndio wenyewe.

Kesho yake, wakati ambao kule Mbeya watoto wa nyonga walikuwa wameshaonwa na kuondoka, Queen alikuwa bado amelala. Telesphor alitoka nje. Nje kulikuwa na jua. Jua la mchana la Sumbawanga, zuri, jepesi, watu wamekaa kwenye nyasi wamevua makoti, kuna mtoto anakimbia amevaa fulana tu. Telesphor alisimama ndani ya jua hilo mpaka likampata mgongoni, akavua jaketi. Jana saa kama hiyo wangekuwa wanapita hapa. Alilia pale, mtu mzima, mbele za watu, wala hakujificha.

Alipoingia, Pelagia alikuwa ameshika mguu wa mtoto, anausugua taratibu kwa mafuta. Mumewe akakaa upande wa pili wa kitanda.

"Niambie," alisema. "Kama una neno, niambie, mama Queen."

"Sina neno," alisema Pelagia. "Ningekuwa nalo ningekupa."

Queen akafumbua macho. Dawa ilikuwa bado inamzungusha. Alitazama dari, akatazama dirisha lililojaa mwanga, akatazama wazazi wake mmoja mmoja, akalainisha midomo.

"Baba," alisema. "Hapa ndiyo Mbeya?"

Pelagia aliinamisha uso juu ya ule mguu, akaendelea kusugua.

"Ndiyo, mama," alisema Telesphor. "Tumefika."

"Daktari wa mguu ameshaniona?"

"Anakuja," alisema baba yake. "Lala. Anakuja sasa hivi."